Ukikimbia Baridi ya Julai, Beba Chandarua

Msikilizaji, Julai huko Kiabonyoru, nyanda za juu za Nyamira, ukungu huchelewa kutoka, na wazee hawabanduki jikoni. Wapo wanaopelekwa kwa jamaa Kendu Bay au Mbita, kando ya Ziwa Victoria, penye joto.

Siri ya joto hilo ni mwinuko. Kadiri unavyoshuka kuelekea Ziwa Victoria, ndivyo hewa inavyopata joto. Kwa hiyo usiulize umbali wa safari, uliza mteremko.

Lakini ukanda wa ziwa una malaria mwaka mzima. Katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, ugonjwa huu huja kwa vipindi, hivyo hata mtu mzima hana kinga kubwa mwilini. Beba chandarua chenye dawa. Lala ndani yake kila usiku, hata upepo wa ziwa ukiwa mtamu namna gani. Narudia: chandarua chenye dawa, kila usiku. Mjamzito apitie kliniki kwanza kabla ya kupanda matatu.

Na ukisharudi nyumbani? Homa ikikupata, hata baada ya wiki kadhaa, usiseme ni baridi tu. Nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo, na umweleze mhudumu wa afya ulikotoka.