Roho Mtakatifu na roho takatifu: Hitilafu ya Itikadi Baina Yetu na Mashahidi wa Yehova
(Mada iliyosomwa katika semina ya makatekista na wainjilisti)



Katika mila zetu apigaye hodi huitikiwa karibu kabla hajaulizwa jina lake wala haja yake, na kwa hiyo wahubirio nyumba kwa nyumba huku kwetu huukuta mlango umekwisha funguliwa. Huja wawili wawili, wamevaa kwa staha, wana Biblia na nakala za jarida lao, Mnara wa Mlinzi, mkobani, nasi huwaketisha barazani tukawapa maji tukawasikiliza. Nao wakiisha kuaga, mwenye nyumba hubaki akijiuliza iwapo aliyoyasikia ni yale yale afundishwayo kanisani au ni mengine. Bibi mmoja wa mtaani kwetu, mshirika wa miaka mingi, aliniletea swali hilo mwaka jana: "Mwalimu, wale wageni wanasoma Yohana kama tusomavyo sisi. Basi tofauti iko wapi?" Siku ile sikuwa na jibu la kumtosha, na mada hii ni matunda ya kulitafuta.

Mashahidi wa Yehova, kama wanavyojiita tangu mwaka 1931, wametokana na Wanafunzi wa Biblia waliomfuata Charles Taze Russell wa Pennsylvania, Marekani, aliyeanza kuchapisha jarida lake mwaka 1879. Nawasihi msiwachanganye na Kitawala, harakati iliyoenea Kongo na nchi jirani, ambayo ijapokuwa ilichota baadhi ya maneno yake katika vitabu vyao, ilikuwa na viongozi wake na njia zake. Wala msiwachanganye na Wasabato, ambao nao hufundisha kwamba wafu wamelala wasijue neno, lakini huukiri Utatu, na hivyo katika jambo lililo kubwa kuliko yote wako upande wetu. Tena yafaa tukumbuke, kabla ya kuwasema watu hawa, kwamba wamestahimili mengi kwa ajili ya dhamiri zao: katika Ujerumani ya Hitler walivalishwa pembetatu ya zambarau kambini, na hapa jirani, Malawi, maelfu yao walikimbia makwao mwaka 1972 kwa sababu walikataa kununua kadi ya chama tawala. Mtu aliyelipa gharama kama hiyo hastahili dhihaka barazani petu, astahili hoja.

Shina la hitilafu ni moja, na matawi yote yamechipua hapo, nalo ni swali la Yesu ni nani. Sisi tuikirio Imani ya Nikea, tukiwa Wakatoliki au Waorthodoksi, Waanglikana, Walutheri au Wamoravian, twasema kwamba Mwana ni Mungu kweli, wa asili moja na Baba, wala hakuumbwa. Wao wafundisha kwamba Mwana ndiye kiumbe cha kwanza cha Yehova, ambaye kwa yeye viumbe vingine vyote vilifanyizwa, na kwamba ndiye Mikaeli, malaika mkuu. Kwamba Mwana ni kiumbe, fundisho hilo si geni: Ario, kasisi wa Iskanderia, alilihubiri katika karne ya 4, na maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325 wakalikataa. Athanasio, aliyeitetea imani hiyo kwa miaka mingi baadaye akifukuzwa mara kwa mara katika mji wake, aliona kwamba shauri hili si la wanafalsafa bali la wokovu wenyewe, kwa kuwa aliyeumbwa, hata awe mtukufu namna gani, hawezi kumuunganisha kiumbe mwenziwe na Muumba.

Wageni wetu aghalabu hufungua Yohana 1:1, ambapo Biblia yao, Tafsiri ya Ulimwengu Mpya, humwita Neno mungu kwa herufi ndogo, ilhali yetu humwita Mungu kwa herufi kubwa. Hapo ndipo nilipomwelewa yule bibi: yeye hakusoma, alisomewa, na sikio halijui herufi kubwa wala ndogo. Hoja yao ni kwamba katika Kiyunani neno theos, pale linapotajwa mara ya pili, halikutanguliwa na kibainishi, lile neno dogo lionyeshalo kwamba kitajwacho ni kimoja maalumu, basi maana yake ni mungu fulani tu. Lakini katika sura hiyo hiyo, aya ya 6, ya 12, ya 13 na ya 18, neno hilo limekuja pia pasipo kibainishi, nao wenyewe wamemwandika Mungu kwa herufi kubwa. Wataweza kujibu kwamba katika aya ya kwanza neno limekaa mahali pengine katika sentensi, na haki yataka tukiri kwamba sarufi peke yake haiwezi kulimaliza shauri. Hata hivyo neno likikaa hivyo, mbele ya kitenzi, mara nyingi hueleza asili, nayo ndiyo maana tuishikayo sisi, ya kuwa Neno si Baba, bali alivyo Baba katika Uungu ndivyo alivyo Neno. Fauka ya hayo, katika Yohana 20:28 Tomaso amwita Yesu Mungu wake, na hapo kibainishi kipo, wala Yesu hakumkemea.

Hitilafu ya pili imekaa ndani ya Kiswahili chetu wenyewe, nami nastaajabu kwamba tumeipita miaka yote hii pasipo kuiona. Sisi twasema Roho Mtakatifu, naye hutuongoza na kutufariji. Wao huandika roho takatifu, nayo huongoza, kama nguvu itokayo kwa Mungu, mfano wa upepo au umeme. Kwa umbo lake neno roho limo katika ngeli moja na nyumba na nguo, kwa hiyo sarufi yao haina kosa. Lakini lugha yetu ina ada ya kukipandisha kilicho hai katika ngeli ya watu, ndiyo maana twasema rafiki mwema wala hatusemi rafiki njema. Basi kila tulitamkapo jina la Roho Mtakatifu tumekwisha kukiri, kwa silabi moja tu, kwamba Yeye ni nafsi ajuaye na apendaye. Na ushahidi upo: katika Matendo 5 Anania aambiwa kwamba amemdanganya Roho, kisha kwamba amemdanganya Mungu, katika Matendo 13:2 Roho anena na kuagiza watumishi watengwe kwa ajili yake. Wageni watasema kwamba katika Mithali hata Hekima huita njiani kama mwanamke. Ni kweli, lakini Mithali ni ushairi, na Matendo ni habari za mambo yaliyotendeka. Makatekista, wafundisheni watoto upatanisho huu wa maneno kabla hamjawafundisha neno Utatu.

Juu ya wafu sitakawia. Wao husema kwamba nafsi ni mtu mzima, na akifa nafsi imekufa, wakitaja Mwanzo 2:7 na Ezekieli 18:4, na kwa sehemu wana haki, maana Waebrania hawakumkata mtu vipande. Lakini Paulo katika Wafilipi 1:23 alitamani kuondoka akae pamoja na Kristo, na sioni angetamanije hivyo kama kuondoka kungekuwa kutokuwapo. Juu ya mwaka 1914, ambao wasema Kristo alianza kutawala mbinguni pasipo kuonekana, yatosha kujua kwamba hesabu yao ya miaka 2,520 huanzia mwaka 607 kabla ya Kristo kuwa ndio mwaka Yerusalemu ulipoangamizwa, ilhali wanahistoria huuweka mwaka 587 au 586.

Niliporudi kwa yule bibi, sikuanza na Nikea. Nilimweleza kwamba Mashahidi hukusanyika mara moja kwa mwaka, jioni ya tarehe 14 Nisani, jua likiisha kutua, kuyakumbuka mauti ya Yesu. Kwamba mkate na divai hupitishwa mkono kwa mkono, na karibu kila mtu humpokeza mwenziwe pasipo kuonja, kwa kuwa wafundisha kwamba walao na wanywao ni wale tu walioitwa kutawala mbinguni, ambao jumla yao, kwa Ufunuo 7 na 14, ni 144,000, na wengine wote tumaini lao ni paradiso duniani. Alinyamaza kitambo.

"Sahani inampita mtu mkononi, naye hali?"

Nikamjibu ya kuwa kwa walio wengi ndivyo ilivyo.

"Basi, Mwalimu, tofauti nimeiona," akasema, akainuka kwenda kupiga pasi kitambaa cha madhabahu, maana ilikuwa Jumamosi, na kesho yake tulikuwa na Ushirika Mtakatifu.