Maji ya Bombani na Maji ya Nyumbani

Hotuba ya Kamati ya Maji na Usafi, iliyosomwa mbele ya wakazi wa kambi katika kuadhimisha Siku ya Maji Duniani



Tulipoombwa kusema neno juu ya vyuo vikuu na utafiti wa maji, baadhi yetu katika kamati tulicheka. Chuo kikuu kiko wapi, na foleni ya madumu saa kumi na moja alfajiri iko wapi? Lakini tulipoketi na kulitazama jambo hili tuliona kwamba linatuhusu sana, na kwamba limetusahihisha sisi wenyewe.

Tuliotoka vijijini tunamkumbuka bwana shamba. Kazi yake ndiyo inayoitwa ugani, yaani kuyatoa maarifa chuoni na kuyafikisha kwa mwenye jembe, kisha kurudisha chuoni maswali ya mwenye jembe. Nchini Marekani kazi hiyo iliwekewa sheria mwaka 1914, ile iitwayo Smith-Lever, ili vyuo vikuu vya kilimo viwe na watumishi wanaoishi wilayani pamoja na wakulima. Walianza na mahindi na ng'ombe. Baadaye ikawalazimu kushughulika na maji pia, kwa kuwa kinachomwagwa shambani huishia mtoni.

Mfano mmoja tu tuutaje. Mwezi Agosti 2014 watu zaidi ya 400,000 wa mji wa Toledo, kando ya Ziwa Erie, waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa muda wa siku tatu hivi. Ziwa lilikuwa limefunikwa na utando wa kijani wenye sumu, na sumu ile haiondoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua jikoni, yenyewe huzidi kukolea. Utando ule ulilishwa na fosforasi, ambayo sehemu yake kubwa ilitoka kwenye mbolea ya mashamba yaliyo kando ya mto Maumee. Basi watu wa ugani wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio wamekuwa wakikaa na wakulima kupima udongo kabla ya kununua mbolea, na kuifukia mbolea ardhini badala ya kuitawanya juu. Mji tajiri, wenye mitambo ya kila namna, ukawa unamtegemea mkulima wa mbali ambaye haujawahi kumwona. Sisi pia tuna kijito kinachopita chini ya kambi na kwenda kwa wenyeji wetu, na tunajua kinachotupwa humo.

Sasa tuje kwenye kambi, maana huko ndiko somo lilikotuuma.

Mwaka 2012, watu zaidi ya laki moja waliokimbia vita katika jimbo la Blue Nile, Sudan, walikuwa wamepokewa katika kambi za wilaya ya Maban, Sudan Kusini. Ulizuka huko ugonjwa wa ini uitwao hepatitisi E, unaoenea kwa maji yaliyochafuliwa na kinyesi. Hadi mwisho wa Januari 2013 walikuwa wameandikishwa wagonjwa zaidi ya 5,000 wenye dalili za umanjano. (Msiuchanganye na homa ya manjano, ile inaletwa na mbu.) Ugonjwa huu ni mkali hasa kwa mama mjamzito: akiupata katika miezi ya mwisho, hatari ya kufa inaweza kufikia mmoja kati ya watano au hata wanne. Na maji ya kambi zile yalikuwa yakitiwa klorini, na klorini ilikuwa ikipimwa bombani, na kwa kipimo cha kawaida ilikuwa ikitosha.

Mtafiti Syed Imran Ali na wenzake, waliokuwa wakishirikiana na Madaktari Wasio na Mipaka, walifanya jambo ambalo ukilisikia unaona ni rahisi mno. Mwaka 2013, katika kambi za Batil, Gendrassa na Jamam, hawakuishia bombani. Waliyafuata maji yale yale: kwenye dumu linapojazwa, baada ya kubebwa, na baada ya kukaa nyumbani kwa saa nyingi. Wakakuta kwamba dawa iliyokuwamo bombani ilikuwa ikipungua njiani na nyumbani, na mara nyingi mtoto alipokuja kunywa, kinga haikuwapo tena.

Sababu yake ni hii. Kipimo kilichozoeleka, miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, kilitokana na miji yenye mabomba ndani ya nyumba, ambako mtu anafungua na kunywa papo hapo. Mkimbizi hanywi bombani. Anabeba, anahifadhi, anachota kwa kikombe tangu asubuhi hadi usiku, na muda wote huo klorini inaliwa na uchafu, na jua, na joto. Watafiti wale walishauri kwamba katika kambi zile bomba litoe miligramu 1 kwa lita, ili baada ya saa 10 nyumbani zibaki angalau 0.2. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Shirika la Afya Duniani.

Hapo ndipo tulipoinamisha vichwa. Kwa miaka mingi kamati hii ilipita nyumba kwa nyumba na kuwalaumu akina mama. Kuhara kukizidi, tulisema madumu ni machafu, mikono ni michafu, watu hawasikii mafundisho. Mama mmoja wa mtaa wa chini alituuliza mbele ya watu, "Mnapima bombani. Mbona hamji kupima kwangu jioni?" Tulimjibu kwa ukali kwamba bomba ni safi na karatasi ipo. Swali lake lilikuwa ndilo lile lile walilokwenda nalo wasomi kule Maban, na sisi tulilifukuza. Usafi wa dumu ni kweli una maana, hatufuti neno hilo. Lakini hatukuwa na haki ya kumbebesha yeye peke yake mzigo uliokuwa pia wa kipimo chetu. Tunamwomba radhi leo mbele yenu.

Utafiti ule uliendelea Jordan mwaka 2014 na Rwanda mwaka 2015, na ukaonyesha kwamba hakuna namba moja ya kufaa kambi zote. Joto, maji yenyewe, vyombo na muda wa kuhifadhi vinatofautiana, kwa hiyo kila kambi itafute jibu lake. Baadaye watu wa Chuo Kikuu cha York, Toronto, wakatengeneza programu ya kompyuta inayochukua vipimo vya bombani na vya nyumbani, ikakisia kiasi cha dawa kinachohitajika. Miongoni mwa vipimo vilivyotumika katika kazi hiyo ni vya Kutupalong, Bangladesh, na vya Nyarugusu, Kigoma. Wengi wetu tuna ndugu Nyarugusu. Maji ya madumu yao yamefundisha chuo kikuu.

Kwa ndugu zetu wa mashirika tunalo neno moja, na mtusamehe tukilisema wazi. Wamewahi kuja hapa watu wenye chupa na madaftari, wakachukua maji yetu, wakatuuliza maswali ya chooni na ya jikoni, wakaenda. Majibu hatukuyaona. Mwaka uliofuata wakaja wengine na maswali yale yale. Mtu akichota mara tatu bila kurudisha neno, watu huanza kusema dawa ile inaua uzazi, na wakisema hivyo wanakwenda kijitoni. Halafu mnashangaa. Ladha nayo mwiulize: dawa ikizidi kunuka, mama ataimwaga, hata kama namba ni nzuri. Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 5 kwa lita kwa usalama wa mwili, lakini ulimi hukataa mapema zaidi ya hapo.

Tumekubaliana na ndugu wanaosimamia maji kwamba kuanzia Jumatatu tutapima kwa jozi. Mpimaji atachukua maji bombani asubuhi, ataandika dumu la nani, na jioni atafika nyumbani hapo kupima maji ya dumu lile lile. Ataweka kidonge ndani ya maji. Yakigeuka rangi ya waridi, dawa ipo, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo dawa ilivyo nyingi. Mwenye nyumba ataiona rangi hiyo kwa macho yake kabla mpimaji hajaandika. Hatutauliza majina ya wagonjwa, wala hatutakagua nyumba. Anayekataa asilazimishwe.

Majibu ya kila mtaa yatasomwa mtaani humo, kila Jumamosi ya pili, chini ya mti wa mikutano, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Wapimaji wanaohitajika ni kumi na wawili, na nusu yao wawe akina mama. Katibu yupo hapa na daftari. Majina yaandikwe baada ya ngoma. Yule mama wa mtaa wa chini ameshaandikisha lake.