Maji ya Mgongo: Hotuba kwenye Mkutano wa Mwaka

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi mliosafiri kutoka Dar es Salaam kuja kuchangia kwenu Tongoni: nimepewa dakika chache, nitazungumzia sindano moja tu.

Binamu yangu ni mvuvi wa hapa. Jicho lake moja liliingia ukungu, baada ya wiki chache likaachia. Mwaka uliofuata miguu ikafa ganzi. Damu ikapimwa, ikaonekana safi. Daktari akataka kumtoa maji ya mgongo. Ukoo mzima tukakataa, tukisema atapooza. Nami nilikataa, na kazi yangu ni maabara!

Sindano ile huchomwa kiunoni, chini ya pale unapoishia uti wa fahamu, kwa hiyo haiukati. Kichwa chaweza kuuma siku chache, hilo sifichi.

Kwa nini damu haikutosha? Milimita moja ya ujazo ya damu ina seli nyeupe 4,000 hadi 11,000, ndio askari wa mwili. Katika maji ya mgongo ya mtu mzima mwenye afya hazizidi 5. Kwenye ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi, askari hao huvuka kutoka kwenye damu wakaingia ubongoni, wakamenya ganda la mishipa ya fahamu, mfano wa waya wa umeme uliochunika mpira. Hesabu yao katika maji hupanda kidogo tu, mara nyingi haifiki 50. Homa ya uti wa mgongo ya bakteria ndiyo huleta mamia na maelfu. Lakini baadhi yao huweka kambi humo wakitengeneza kingamwili ambazo kwenye damu hazionekani. Hizo ndizo tunazozitafuta, pamoja na picha ya MRI.

Kwetu ugonjwa huu ni nadra, ila habari yake imepita jirani. Kirusi cha Epstein-Barr kiligunduliwa London mwaka 1964 katika uvimbe wa watoto wa Uganda. Mwaka 2022 uchunguzi wa wanajeshi wa Marekani ukaonyesha kuwa ndicho kinachoutangulia. Wengi wetu hapa tunacho, wala hatutaugua.

Binamu alikubali sindano mwenyewe, miezi minane baadaye. Sasa ana dawa, anatembea kwa fimbo, baharini haendi tena. Mfuko wa leo ni wa nauli ya kufika Bombo na gharama za vipimo. Kikapu kianzie kwa akina mama. Mimi naweka elfu hamsini.