Meno ya Kahawia, Magoti Yanayogoma

(Mazungumzo ya muuguzi na wanafunzi wa sekondari, Arumeru)

Haya, kaeni. Nimewaona pale mlangoni, mtu anacheka huku kaziba mdomo. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nimekulia hapa hapa chini ya Mlima Meru, na meno yangu ya kahawia mnayaona. Siyo uchafu, mswaki hauyatoi. Ni floraidi.

Floraidi imo kwenye miamba ya volkano. Maji yakipita ardhini yanaibeba mpaka kisimani. Ikiwa kidogo inasaidia meno. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Huku kwetu vipo visima na vijito vinavyopita kiasi hicho mara nyingi.

Inaharibu meno yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi, utotoni. Lakini kilichonileta leo si meno. Ukinywa maji hayo miaka na miaka, floraidi inajirundika kwenye mifupa. Viungo vinauma, vinakakamaa. Kano zinazoshika mifupa zinaanza kuwa ngumu kama mfupa wenyewe, mgongo unakataa kuinama. Watoto wengine wanapata matege. Babu yangu alifika mahali akitaka kutazama pembeni lazima ageuke mwili mzima. Sisi tukasema baridi yabisi, majirani wakasema karogwa. Kisima hakuna aliyekiuliza.

Sasa mtaniambia, "Nesi, si tunachemsha maji?" Chemsheni, vijidudu vinakufa. Floraidi haifi! Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki pale pale. Halafu kuna magadi, yale ya kulainishia maharage na makande. Mengi ya huku yamejaa floraidi. Ukimwambia bibi aache magadi mtagombana, najua. Basi wewe loweka maharage usiku kucha, uyapike mwenyewe, aonje kwanza.

Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana. Mkikinga kwenye bati safi, wapeni kwanza wadogo zenu, maana meno yao bado yanajengwa. Na pale Ngurdoto kipo kituo cha utafiti kilichotengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa huo unanasa floraidi, ila unachoka. Usipobadilishwa mnakunywa yale yale.

Kabla ya maswali yenu nina langu moja. Kisima cha shule hii kilipimwa floraidi lini? Mwalimu Mkuu anacheka, lakini mimi nauliza kweli.