Udongo wa Uluguru na Maji ya Dar es Salaam



Mvua za masika zinyeshapo, Mto Ruvu hugeuka rangi ya kahawia. Rangi hiyo ni udongo uliochukuliwa na maji kutoka mashamba ya miinuko ya Uluguru. Mto huo ndio unaolipatia jiji la Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yake. Kwa hiyo hasara ni mara mbili: mkulima anapoteza rutuba, na jiji linapokea tope ambalo ni lazima lisafishwe kwa gharama.

Mkoloni aliliona tatizo hilo, lakini dawa yake ilikuwa amri. Tangu mwaka 1950 Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito mno. Tena udongo wa juu wenye rutuba ulifukiwa, na ule wa chini usio na nguvu ukaachwa juu. Mwaka 1955 ghasia zilizuka huko Matombo, na hatimaye mpango ukaachwa. Ni kosa kusema kwamba Waluguru walikataa kuhifadhi ardhi yao. Walichokataa ni jasho lisiloongeza chakula, na amri isiyouliza maoni.

Njia bora zipo na zinajulikana. Katika makinga maji ya fanya juu, mkulima huchimba mtaro unaokata mteremko na kutupa udongo upande wa juu. Mwaka hadi mwaka udongo hujikusanya nyuma ya tuta, na ngazi hujijenga yenyewe bila kufukia rutuba. Matete yakipandwa juu ya tuta, hulishika na kuwa chakula cha mifugo. Mabua yakiachwa shambani badala ya kuchomwa, matone ya mvua hayapigi udongo mtupu, na maji huzama ardhini na kulisha chemchemi wakati wa kiangazi.

Hata hivyo, mavuno ya kazi hiyo huchelewa, ilhali njaa haingoji. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalijaribu mpango wa kuwalipa wakulima wa Uluguru kwa kulinda chanzo cha maji. Fundisho lake ni wazi: anayekunywa maji ana deni kwa anayeyalinda.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kando ya mito. Lakini ofisa anayefika kijijini na sheria peke yake, bila mbegu, bila jembe na bila masikio ya kusikiliza, anarudia kosa la mwaka 1950. Na mwalimu aachaye shamba la shule limomonyoke, hawezi kuwafundisha wanafunzi hifadhi ya ardhi kwa chaki.

Ndugu, udongo ukishafika baharini haurudi mlimani.