Shimo la Gotini na Wagonjwa Saba wa Göteborg



Mwaka jana, ukumbini humu, mwenzangu mmoja alisema kinachotukwamisha kutibu gegedu la goti kwa vijana ni maabara tu. Gegedu likiliwa linaacha shimo. Otesha seli, jaza shimo, kijana arudi uwanjani. Alipigiwa makofi. Mimi nilirudi nyumbani na usingizi ukanipaa.

Kwamba gegedu halina mishipa ya damu na halijiponyi, hapa hakuna asiyejua. Kwamba halijiponyi, William Hunter aliwaeleza Waingereza mwaka 1743. Kuhusu kuotesha seli, twendeni Göteborg.

Oktoba 1994, madaktari Brittberg, Peterson na wenzao wa Sweden walichapisha makala ambayo nakala yangu imeshageuka rangi ya chai. Wagonjwa 23, mdogo wao ana miaka 14, mkubwa 48. Walitoa kipande kidogo cha gegedu zima mahali pasipobeba uzito mwingi, wakaotesha seli zake kwa siku 14 hadi 21. Kisha wakafungua goti, wakasafisha shimo, wakabandua utando unaofunika mfupa wa muundi, wakaushonea juu ya shimo kama kifuniko na kudunga seli chini yake. Mshono huo niliwahi kuujaribu kwenye goti la mbuzi nililonunua buchani. Uzi ulichana gegedu mara tatu kabla mkono haujajua uvute kiasi gani. Kwa hiyo ninaposema nawaheshimu watu hawa, sisemi kwa adabu ya ukumbini.

Mwenzangu alichukua tarakimu moja tu kwenye makala hiyo: baada ya miaka miwili, 14 kati ya 16 walikuwa na matokeo mazuri au mazuri sana. Ni kweli. Lakini 16 si 23! Hao shimo lao lilikuwa kwenye mfupa wa paja. Saba waliobaki lilikuwa kwenye pia ya goti, na waliofikia matokeo hayo ni wawili. Utando uleule, mikono ileile, seli zilizooteshwa vilevile. Kama tiba ni seli, saba hawa walinyimwa nini?

Jibu lilikuja kutoka kundi hilohilo miaka iliyofuata: pia iliyokuwa ikiteleza kombo iliachwa iendelee na ukombo wake. Walipoanza kuinyoosha na kupandikiza seli kwa pamoja, matokeo yalipanda.

Nilimweleza haya baba wa mchezaji mmoja wa chuo, kijana wa miaka 22 aliyekwisha kuchomwa sindano tatu za kinachoitwa seli shina, ng'ambo, kwa fedha za shamba lililouzwa. Mzee ni dereva wa daladala. Sijafika katikati akanikatiza: “Daktari, tairi likiliwa upande mmoja, mimi hukimbilia alaimenti kwanza. Nikifunga jipya bila hivyo, mwezi haupiti.” Nimefundisha miaka mingi bila kulisema vizuri namna hiyo.

Wapo watakaonitupia jaribio la Norwe. Haya. Mwaka 2004 daktari Knutsen na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 80, nusu wakapandikizwa seli, nusu wakatobolewa mfupa ili uboho uvuje na kujenga kovu. Miaka mitano baada ya upasuaji, tiba ilikuwa imeshindwa kwa wagonjwa 9 kila upande. Kwa upande mwingine, jaribio la Ulaya la 2014, lenye wagonjwa 144 na mashimo ya sentimita 3 za mraba na zaidi, liliwapa ushindi wa maumivu na utendaji waliowekewa seli zilizopandwa kwenye utando maalumu. Kwa hiyo shimo kubwa kwa kijana, seli zina hoja, sibishi. Kovu si gegedu, na miaka ya kijana gotini ni mingi.

Lakini hata baada ya kuzipima pande zote, nabaki nilipokuwa. Nikikabidhiwa leo fedha za maabara ya mwenzangu, kitu cha kwanza nitakachonunua ni mashine ya eksirei inayopiga mguu mzima, kutoka nyonga hadi kifundo, mgonjwa akiwa amesimama kwa miguu yote miwili. Yule kijana alikuja na faili nene kama Msahafu, picha za sumaku zikiwa nne. Eksirei ya kusimama haikuwamo hata moja.