Chakula cha Njiani, Nakuru

Leo nataka tufikiri pamoja juu ya chakula. Si chakula cha karamu wala cha arusi, bali kile anachokula msafiri akishuka garini kwa dakika ishirini, huku dereva ameshaanza kutazama saa.

Mtu akitoka Nairobi kwenda Kisumu, Eldoret au Busia, mara nyingi hupitia Nakuru. Ni mwendo wa kilomita 160 hivi, na kusema kweli majaribu huanza mapema. Kule Limuru, wakati wa mavuno, utaona ndoo za plamu na mapeasi kando ya barabara. Mbele kidogo ni viazi na kabeji za Kinangop. Ukiteremka Bonde la Ufa unakuta maziwa lala na samaki wa Naivasha, kisha Kikopey, karibu na Gilgil, ambako moshi wa nyama choma huingia dirishani kama makanga anayedai nauli. Mwenye subira akivuka hapo, afika Nakuru akiwa na njaa ya haki.

Mimi napenda mahali hapa. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na tangu hapo watu wamekuwa wakishukia hapo na kugawana njia: huyu kwenda Nyahururu, yule kwenda Baringo, wengine kupanda kuelekea magharibi. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipewa hadhi ya jiji, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Hata hivyo bado ina adabu ya mji mdogo. Waweza kutembea kwa miguu kutoka stendi hadi sokoni, huku Menengai imeketi upande wa kaskazini na ziwa liko upande wa kusini. Yasemekana jina lake latoka katika lugha ya Kimaasai, maana yake mahali pa vumbi. Vumbi lipo, lakini halijamzuia mtu kula.

Ingia katika hoteli yoyote ya kawaida pale, zile za meza ndefu na benchi. Huyu analetewa mukimo na kuku, jirani yake ugali na samaki. Mwingine ameagiza matoke, mwingine githeri ya moto, na mtoto analilia sambusa, chakula tulichofundishwa na Wahindi na ambacho sasa twakiona ni chetu. Nje yuko mtu anauza asali ya Baringo katika chupa. Wote hawa wanatumia chumvi moja, na kikombe cha pilipili kinapita mkono kwa mkono bila mtu kuuliza mkono huo ni wa kabila gani. Mji huu ulijengwa na watu waliotoka kwingine, wakafuata reli, mashamba na biashara, na sufuria zao wakaja nazo.

Lakini, ndugu msikilizaji, sisemi kwamba meza hiyo haijavunjika kamwe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na hasa mnamo Januari 2008, watu waliokuwa wakiuziana chakula waliulizana lugha. Barabara hii ninayoisifu ilizibwa kwa mawe na magogo, na wasafiri wakadaiwa vitambulisho ili majina yao yasomwe. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru, mahali ambapo watu walizoea kwenda kutazama ng'ombe wazuri na mahindi mazuri, ukawa kambi ya maelfu ya waliofukuzwa makwao, wakisimama foleni kungojea mgawo wa unga. Mapatano ya kitaifa yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Nasi watu wa kanisa hatukuwa watazamaji safi. Mwaka huohuo viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa walikiri mbele ya watu kwamba wachungaji wengi walikuwa wameegemea pande. Yafaa tukumbuke jambo hilo tunapokaa kwenye benchi lile na kusogeza chumvi.

Wale wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau walitembea na mtu waliyemdhania kuwa mgeni. Walikuwa na huzuni nyingi, na siku ilikuwa imekwisha. Habari hizo mtazikuta katika Luka mlango wa 24. Hawakumtaka aeleze ukoo wake kabla ya kumkaribisha mezani. Walimsihi aingie, kisha ndipo walipomtambua, chakula kikiwa mbele yao. Mimi huona ajabu kwamba walimjua mezani, na njia nzima alikuwa akiwaeleza Maandiko.

Tena kuna sheria ya msafiri, ambayo nadhani haihubiriwi vya kutosha. Imo katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 23, mwishoni kabisa. Mtu akipita katika shamba la mizabibu la mwenzake aruhusiwa kula zabibu hata ashibe, lakini asitie hata moja katika chombo chake. Akipita katika nafaka aweza kukwanyua masuke kwa mkono, lakini mundu asiupeleke. Tazama jinsi sheria hii inavyowaangalia watu wawili kwa pamoja. Mwenye njaa hafukuzwi, na mkulima haibiwi.

Sasa sisi hatupiti katika mashamba ya mizabibu. Sisi tunapita kwenye madirisha ya mabasi. Basi likisimama, akina mama na vijana huja mbio na mahindi ya kuchoma, mayai na njugu karanga. Mama hutoa mhindi kwanza, pesa baadaye. Huo ni uaminifu mkubwa kwa mtu usiyemjua jina, naye hana njia nyingine, maana abiria hataki kutoa pesa kabla hajakishika chakula. Na wako watu, tena wengine hufika kwao na kuimba katika kwaya, ambao hupekua mifuko polepole mpaka basi liondoke. Siku hizi kuna na udhuru mpya: nipe namba, nitakutumia kwa simu. Basi likipita mzunguko wa barabara, namba imesahauliwa.

Hesabu kidogo. Mahindi yale alinunua kwa mkulima au sokoni, makaa alinunua, ushuru wa kaunti alilipa asubuhi. Faida ya mhindi mmoja ni ndogo mno, basi mhindi mmoja usiolipwa hula faida ya mingine kadhaa. Aliyeondoka nao amepeleka mundu.

Niliona mara moja, katika basi la kwenda magharibi, kijana mmoja akipokea mahindi mawili hapo Nakuru, na gari likaondoka. Mama alikimbia hatua chache, akasimama. Kijana akacheka, akaanza kula. Mzee aliyekaa nyuma yake akamwuliza, "Kijana wangu, umemlipa yule mama?" Kijana akajibu, "Mzee, gari limeondoka, nifanyeje?" Yule mzee hakumhubiria. Aligonga ubavu wa gari kwa fimbo yake mpaka dereva akasimama, akashuka na fimbo ile, akarudi kwa mguu akiwa na pesa zake mwenyewe mkononi. Tuliokuwa nyuma tulimwona mama akizipokea kwa mikono miwili na kujaribu kumwongezea mhindi wa tatu, naye akakataa, kisha akaukubali.

Alipopanda tena, aliukata mhindi ule vipande viwili, akampa kijana nusu. Basi lilikuwa limechelewa kama dakika kumi, na abiria wengine walinung'unika mpaka Salgaa.